Chozi Kwenye Kamba ya Dobi

Asubuhi ya Jumatatu Dobi alitoka jikoni amekumbatia beseni la mashuka kumi na mawili ya nyumba ya wageni, akamkuta mumewe amesimama katikati ya ua, ametanua mikono kama mtu anayezuia ng'ombe wasivuke barabara.

"Usianike," mumewe alisema.

"Unasemaje?"

"Usianike kitu, mke wangu. Kuna chozi hapa."

Kizingitini, mama yake Dobi alikuwa amekaa akichambua maharage. Masikio yake yalisikia nusu tu ya maneno, na nusu hiyo aliichagua mwenyewe. Akainua kichwa. "Nani anamliza mkwe wangu asubuhi yote hii?"

"Hakuna anayelia, mama," Dobi alisema. "Bado."

Mumewe mtaani aliitwa Rangi Mbili, kwa sababu mabango yote aliyowahi kuchora, ya kinyozi, ya bucha na ya fundi viatu, yalikuwa mekundu na bluu. Siku hizi wenye maduka walichapisha mabango ya plastiki yenye picha za watu wanaocheka bila sababu, naye Rangi Mbili alibaki na brashi, makopo mawili ya rangi iliyokauka, na muda mwingi mno. Muda huo aliutumia kuchora ndege wa pale pale nyumbani: njiwa wa ukutani, kunguru wa jalalani, shorewanda waliokuja kuokota chenga za ugali. Aliwachora nyuma ya kalenda za zamani na kwenye maboksi ya sabuni ya mkewe. Mara moja alimchora kunguru juu ya kadi ya mwaliko wa harusi, akaifunika tarehe kwa bawa la kushoto, wakafika harusini kesho yake.

Kamba yenyewe ilikuwa waya mmoja tu, umefungwa kwenye mpera upande huu na kwenye msumari wa ukuta wa jiko upande ule. Katikati, pale pale ambapo shuka la kwanza huanikwa, kilikuwa kinaning'inia kitu kama soksi iliyokosa mwenyewe: nyasi, majani makavu, utando wa buibui, na nyuzi za manjano.

"Hicho kitambara ndicho kinazuia mashuka ya watu?"

"Ni kiota cha chozi, yule ndege mdogo anayenyonya maua. Amekianza Ijumaa. Atataga, ataatamia, atalea, halafu watakwenda zao. Wiki tano hivi."

"Wiki tano!" Dobi alitua beseni. Mashuka hayo, kila Jumatatu na kila Alhamisi, ndiyo yaliyoweka chakula mezani. Na mwenye nyumba ya wageni, mama ambaye mtaa mzima ulimwita Madamu, alikuwa ameshamdokeza mara mbili kwamba karibu na kituo cha mabasi kumefunguliwa pa kufulia kwa mashine, na kwamba mashine haina mume.

"Huyo ndege," mama mkwe aliuliza, "anatosha supu?"

"Mama, ni mkubwa kama kidole gumba," Rangi Mbili alisema.

"Basi mchuzi."

Dobi aliingia ndani, akatoka na mkasi. Rangi Mbili hakumshika mkono. Alimwambia tu kwa sauti ya chini, "Mwangalie kwanza. Mara moja tu, kisha ukate."

Wakati huo huo chozi akaja. Alikuwa na rangi ya chai iliyobaki kikombeni, na mdomo wake umepinda kama sindano ya kushonea magunia. Mdomoni alibeba uzi. Akaupitisha kwenye nyasi, akauvuta, akasukuma ukuta wa kiota kwa kifua, akaruka. Akarudi na manyoya ya kuku. Akaondoka tena, akarudi na jani. Dobi alihesabu safari tisa, mkasi mkononi. Juu ya mpera kulikuwa na ndege mwingine, anang'aa kijani, kifua chekundu, anajinyoosha, anajichambua manyoya, anaimba.

"Huyu anayefanya kazi ni nani?" Dobi aliuliza.

"Jike."

"Na yule aliyevaa suti?"

Rangi Mbili akakohoa. "Dume."

"Anafanya nini pale juu?"

"Anaimba."

"Kuimba nakusikia. Nauliza kazi yake."

"Ndiyo kazi yake. Analinda eneo."

"Analinda eneo." Dobi alimwangalia ndege, kisha akamwangalia mumewe, penseli sikioni, suruali imechanika gotini. "Na mayai yakishatagwa, nani anayaatamia?"

"Jike."

"Peke yake?"

"Dume atasaidia kulisha makinda," Rangi Mbili alisema haraka. "Baadaye."

Dobi akautia mkasi mfukoni. "Kiota hakitoki. Mwanamke wa watu nimvunjie nyumba kwa sababu mume wake mwimbaji? Sifanyi. Ila wewe, bwana mlinzi wa eneo, utanitafutia pa kuanika. Sasa hivi, kabla mashuka hayajaanza kunuka."

Rangi Mbili alitafuta, akapata. Alifunga kamba ya katani kwenye nondo za dirisha, akaivuta mpaka mwisho wa ua, akaifunga kwenye mpini wa mlango wa choo. Mlango huo ulifungukia ndani, kwa hiyo kadiri kamba ilivyovuta, ndivyo mlango ulivyozidi kubana. Aliipiga kamba kwa kidole, ikalia kama gitaa. Mashuka kumi na mawili yakaanikwa. Akachukua kigoda na boksi lake, akaketi chini ya mpera kuchora, moyo umetulia kabisa.

Hakuna aliyeuliza mama mkwe yuko wapi.

Baada ya robo saa, choo kikasema, "Nani amenifungia?"

Rangi Mbili aliruka, akakimbia, akasimama mbele ya mlango, na kwa kuwa hakujua mtu anamwanzaje mama mkwe aliye katika hali ile, akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nifungulie."

"Mama, nakuomba uvumilie kidogo. Mashuka yako karibu kukauka."

"Nani amekauka?"

"Mashuka, mama!"

"Na mimi je? Nikaukie humu?"

Fundi cherehani, jirani yao, alichomoza kichwa juu ya ukuta, tepu ya kupimia shingoni. "Jirani," alisema, "siku hizi hata wakwe wanafungiwa?"

"Ni kwa muda tu," Rangi Mbili alimjibu.

Mama mkwe alikuwa amelima miaka arobaini, na mikono yake haikuwa na tatizo la masikio yake. Aliushika mpini kwa mikono miwili, akavuta. Fundo la dirishani likaachia. Mashuka kumi na mawili yakalala chini taratibu, moja baada ya jingine, kama watu waliochoka na safari. Mawili yaliangukia kwenye maji ya kusuzia. Moja lilimfunika kuku, naye kuku akatembea nalo mpaka getini kama bibi harusi asiyetaka kuchelewa.

Mama mkwe alipita katikati yao kichwa juu. "Kwetu," alisema, "mgeni hupewa ufunguo."

Dobi hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha mumewe. Aliyafua upya yote, akayakamua, kisha akaiburuta meza ya kupigia pasi mpaka mwisho wa ua.

"Panda," alisema.

Rangi Mbili akapanda. Dobi akamzungushia kamba kiunoni, mafundo mawili, upande wa pili ukarudi kwenye nondo za dirisha.

"Egama kwa nyuma. Hivyo hivyo. Usiwashwe mwili, usipige chafya, usione ndege ukaruka naye."

*

Basi mchoraji akawa nguzo. Jumatatu na Alhamisi alisimama juu ya meza, pasi ya mkaa karibu na miguu yake, mashuka yakipepea mbele yake, na watu waliopita njiani walipunguza mwendo.

"Rangi Mbili! Umepandishwa cheo!" fundi cherehani alimwambia.

"Nenda kashone."

"Hebu subiri." Fundi alikuwa akikodolea kiota macho. "Ule uzi wa manjano ni wangu! Ni wa sare za shule! Nilidhani wateja ndio wananiibia." Hakuonekana kukasirika, alionekana kuvimba kichwa. "Ukimchora, andika pale chini: uzi umetoka kwa fundi."

Jambo ambalo mtaa haukulijua ni kwamba juu ya ile meza palikuwa pahali pazuri kuliko pote. Kiota kilikuwa usawa wa macho yake. Mkono mmoja ulishika kamba, wa pili ulichora. Aliona mayai mawili ya kijivu yenye madoa. Alimwona jike akiyaatamia mchana kutwa, mdomo tu umetokeza nje kama ndoano. Maboksi ya sabuni yalijaa michoro, na Dobi, kila alipopita na vibanio mdomoni, alitupa jicho.

"Hakai hivyo," alisema siku moja.

"Nani?"

"Huyo jike. Umemchora ameingia moja kwa moja. Haingii hivyo. Anaingia, anageuka, anachungulia nje kwanza kama kuna mtu, ndiyo anatulia. Kama mimi nikienda kuoga."

Rangi Mbili alikasirika. Wiki tatu nzima alikuwa amekaza macho, na mkewe alikuwa amegeuza mgongo akianika. Halafu jike likarudi. Likaingia, likageuka, likachungulia nje, likatulia. Rangi Mbili akafuta, akachora upya, akangoja mpaka wakati wa chakula.

"Umelionaje lile?" aliuliza.

"Lipi?"

"La kuchungulia."

"Si nina macho?" Dobi alisema, lakini alimwongezea maharage.

Wiki hiyo ilinyesha, na siku ya mvua hata nguzo yenye mke haifai kitu. Mashuka yalikaushiwa jikoni. Madamu akayarudisha mwenyewe, ameyabeba kwa vidole viwili.

"Mgeni wangu ameniuliza kama kitanda kimeungwa vitunguu," alisema. "Dobi, mimi nakuheshimu. Ila kosa moja tena, moja tu, naenda kwa mashine."

"Halitatokea, Madamu."

Madamu alimtazama Rangi Mbili, aliyekuwa bado juu ya meza na kamba kiunoni ingawa hakukuwa na kitu kilichoanikwa. Alikuwa amesahau kushuka. Kisha akaenda zake.

*

Alhamisi ya wiki ya tano Madamu alituma salamu kwamba atakuja saa nne kuchukua mashuka kwa mkono wake mwenyewe; alikuwa na wageni wa mkutano na vitanda vyote vilikuwa uchi. Kufikia saa tatu mashuka yalikuwa yameshakauka, meupe mpaka yanaumiza macho. Dobi alimwambia mumewe, "Nakwenda dukani kuchukua sabuni, nikirudi nayaanua. Usiguse kitu."

Hakuwa amefika kona, kichwa cha kinda kikatokeza kiotani.

Jike alikuwa kwenye waya, hatua moja pembeni, anaita. Kinda likatoka, likaudaka waya kwa vidole, likayumba mbele, likayumba nyuma. La pili likalisukuma kutoka nyuma ili nalo lione. Na dume, mwimbaji mwenyewe, akashuka kutoka mperani na buibui mdomoni, akamlisha mwanawe mbele ya macho ya watu.

Rangi Mbili alipapasa. Boksi na penseli vilikuwa kwenye kigoda chini ya mpera. Akishuka, mashuka kumi na mawili yanashuka naye.

"Mama!" aliita. "Mama, naomba boksi!"

"Mboga bado, mkwe wangu," mama mkwe alijibu kutoka jikoni. "Ndiyo kwanza nawasha moto."

"Boksi, mama! Boksi!"

"Nimesikia! Mboga haiivi kwa kelele!"

Miguuni pake pasi ilikuwa wazi, imepoa, imejaa mkaa. Mbele ya mikono yake shuka la mwisho lilikuwa limejaa upepo, limenyooka, kavu, halina hata kunyanzi moja. Rangi Mbili hakuwaza. Baadaye aliapa kwamba hakuwaza kabisa, na mkewe alisema hilo analiamini.

Alichora kinda la kwanza linavyoshika waya. Alichora la pili, jicho moja nyuma ya bega la mwenzake. Alichora jike limefungua mdomo, na dume na buibui wake. Mkaa ulikwenda juu ya kitambaa kana kwamba ulikuwa ukisubiri hilo tangu ulipokuwa mti. Kisha kinda la kwanza likaruka mpaka kwenye mpera, la pili likafuata likikosea njia, na familia yote ikavuka ukuta wa fundi cherehani. Kimya. Muda wote huo haukuzidi wa kuchemsha yai.

Dobi aliingia getini na mche wa sabuni. Sabuni ikaanguka.

"Nini hiki?"

"Makinda yametoka," Rangi Mbili alisema, uso umejaa masizi na furaha.

"Nimekuuliza hiki hapa."

"Ni… hao hao makinda."

Dobi aliyaanua mashuka kumi na moja, akayakunja, akayaweka ndani. La kumi na mbili alilibeba kwa ncha, akalishika mbele ya macho yake. Alikaa nalo muda. Mumewe alijifungua kamba, akashuka, akasimama pembeni kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

"Hiki kitoto," Dobi alisema mwisho, "kilishika waya hivi kweli? Vidole vyote hivi?"

"Kama kinaogopa dunia itaondoka."

Miaka kumi na sita Dobi alikuwa ameishi na michoro ya mtu huyu, ameipangusia meza na kuwashia jiko, na huu ulikuwa wa kwanza kumfanya atake kukaa chini.

"Ni mzuri," alisema. "Naufua."

Rangi Mbili akakaa yeye.

"Mkaa mkavu ukiukung'uta kabla ya maji unatoka. Ukichelewa unaingia kwenye uzi, hautoki mpaka kiama. Unanielewa? Sisi tunakula kwa mashuka haya."

"Naelewa."

"Kalete boksi lako."

"La nini?"

"Nakung'uta baada ya dakika kumi. Chora haraka!"

Dobi akasimama mgongo kwa mpera, akalinyanyua shuka kwa mikono miwili juu ya kichwa chake, likamfunika mpaka kwenye vifundo vya miguu. Rangi Mbili akapiga magoti mbele yake, boksi pajani, akanakili.

"Usitikisike," alisema.

"Usiniambie nisitikisike! Mikono inakufa ganzi!"

"Mke wangu, bawa linapanda."

"Bawa litapanda lifike mbinguni. Chora!"

"Hodi," Madamu alisema. Alikuwa ameshaingia. Alikuta ua mtupu, mwanamume amepiga magoti mbele ya shuka, na chini ya shuka nyayo mbili. "Dobi yuko wapi?"

"Yupo, Madamu," Rangi Mbili alisema. "Nyuma ya shuka."

"Karibu, Madamu," shuka likasema.

Fundi cherehani alishachomoza. Mama mkwe alitoka na mwiko. Madamu alisogea hatua tatu, mkoba umebanwa kwapani, akainama mbele ya kitambaa.

"Hili ni shuka langu?"

Shuka likateremka mpaka macho ya Dobi yakaonekana. "Ni lako, Madamu."

"Na hawa ni…" Kidole cha Madamu kikanyooka, kikatua hewani mbele ya dume. "Huyu! Huyu namjua! Huyu mshenzi mwenye suti!"

"Unamjua?" Rangi Mbili alinyanyuka.

"Kila asubuhi yuko kwangu! Anapigana na vioo vya magari ya wageni! Anagonga, anachafua, anazunguka upande wa pili, anagonga tena. Mgeni mmoja kaniuliza hii ni nyumba ya wageni au banda. Nimemtupia kiatu, nikavunja dirisha langu mwenyewe. Anataka nini?"

"Anajiona, Madamu. Kwenye kioo anaona dume jingine limeingia eneo lake."

"Anapigana na sura yake?"

"Kila siku mpaka achoke."

Madamu alivuta pumzi. "Kama marehemu mume wangu," alisema. "Dawa yake nini?"

"Kuvifunika vioo tu, mpaka msimu wao wa kutaga uishe."

"Kwa kitu gani?"

"Foronya," Dobi alisema nyuma ya shuka. "Ndogo ndogo, zenye kamba. Fundi huyu hapa atazishona."

"Nitazishona," fundi alisema juu ya ukuta.

"Na nani atakaa kuvalisha magari foronya? Wanaingia na kutoka saa zote."

Dobi alitoa mkono mmoja, akamwonyesha mumewe. "Huyu. Kusimama anajua. Utamlipa kama unavyomlipa wa kufagia. Na shuka hili saa kumi litakuwa jeupe kitandani kwako."

Madamu alimtazama Rangi Mbili kuanzia magoti yenye vumbi mpaka masizi ya puani. "Likibaki doa hata la ukubwa wa inzi, naenda kwa mashine."

"Nipe dakika mbili nimalize mguu," Rangi Mbili alisema.

Madamu alimngoja. Mguu ulipoisha, Dobi alilipeleka shuka katikati ya ua, akalikung'uta mara moja, mara mbili, na makinda yakaondoka yakiwa vumbi. Kisha maji baridi, kisha sabuni ya mche, kisha jua. Rangi Mbili alishika upande mmoja wakati wa kukamua, akitazama kwingine.

Saa kumi Madamu alilinyanyua shuka dhidi ya mwanga, akalinusa, akaligeuza, akalipitisha mkono.

"Hakuna kitu," alisema, na sauti yake ikawa ya mtu aliyewatafuta wale ndege akawakosa.

*

Jumatatu iliyofuata Rangi Mbili alikuwa kwenye uwanja wa nyumba ya wageni tangu saa kumi na mbili, amevaa koti la mfagizi mwenye mikono mifupi kuliko yake. Magari matano, foronya kumi za rangi zote alizozikuta fundi kwenye masalia yake.

"Wewe ndiye mtu wa foronya?" dereva mmoja alimuuliza.

"Ndiye."

"Umesomea?"

Rangi Mbili aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, boksi mapajani, kwa sababu dume lilikuwa limefika. Lilitua juu ya kioo cha gari la dereva yule, mahali pa vita vya kila siku, likainama kumtafuta adui. Likakuta foronya yenye maua. Likazunguka upande wa pili: foronya. Likapanda tena juu, likakaa, likageuza kichwa huku na huku. Lilionekana kama mtu aliyefika kazini akakuta kiwanda kimefungwa.

Dobi aliingia getini na furushi la mashuka kichwani. Alisimama nyuma ya mumewe, akaangalia boksi, akamwangalia ndege, akaangalia boksi tena.

Dereva alichezea funguo. "Mama, mwambie huyu anitolee hizi nguo. Nina safari."

"Ngoja kidogo, kaka yangu. Amalize."

"Amalize nani? Ndege au mzee?"

"Wote wawili," Dobi alisema. Akalitua furushi la mashuka meupe ya watu juu ya sakafu ya saruji, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ya udobi, akalikalia.